Kwa nini mawimbi ya Naili pale Jinja yalizamishwa, na Itanda itapona?

#1 KasiaLaBudondo (mleta mada)

Salaam wakuu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo nina langu.

Nimezaliwa Budondo, Jinja, Uganda, karibu na yalipokuwa maporomoko ya Bujagali. Utotoni tulikuwa tunashuka maporomoko yale tumekumbatia dumu la lita 20 lililozibwa vizuri, watalii wanatupa shilingi. Nilipokua nikapewa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Kazi yangu ikawa ya usalama: rafti, boti ya mpira, inashuka na watu wanane, mimi natangulia na kayaki, ikipinduka naokota watu mmojammoja. Nimeifanya miaka 11.

Kwa ambaye hajafika, Naili inapotoka ziwani si kama mito mingine. Ziwa Viktoria ndilo tangi lake, kwa hiyo maji ni mengi Januari hadi Desemba na ni ya uvuguvugu. Baada ya kila poromoko kuna maji mapana yaliyotulia, ukianguka unaokotwa kabla hujafika poromoko jingine. Mito yenye nguvu namna ile na huruma namna ile duniani ni michache. Ndiyo maana mabingwa wa kayaki kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wanahamia kwetu kwao kukiwa baridi, na ndiyo maana watoto wa vijijini kwetu wamefika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mwisho wa 2011 bwawa la Bujagali likajaa. Maporomoko ya utoto wangu yakazama. Tukasogea chini. 2019 Wachina haohao wakamaliza Isimba, maji yakarudi nyuma, wimbi letu la kuchezea kayaki, Nile Special, likazama pia, na mengine pamoja nalo. Sasa tumebaki na kipande kifupi, na moyo wake ni maporomoko ya Itanda na Kalagala.

Halafu nasikia umeme unabaki, nchi inalipia umeme usiotumika. Kama unabaki, tulizamishiwa mto wa nini? Nataka kuelewa, silaumu mtu.

#2 Mtazamaji77

Nimekaa mkao wa kusoma. Wajuzi waje.

#3 FundiStima

Mleta mada pole. Mimi ni Mkenya lakini nilikuwa Kampala 2005 na 2006, kijana anayejifunza kazi ya stima. Wewe unakumbuka mawimbi, mimi nakumbuka giza. Stima inakuja leo, kesho hakuna. Saluni, wachomeaji vyuma, kliniki, wote kwa jenereta. Nimeshuhudia mama akijifungua kwa mwanga wa simu. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli ambayo bei yake ilikuwa ya kutisha. Ukimwambia mtu wa wakati ule "tuache poromoko hili kwa ajili ya kayaki" angekutazama mara mbili.

Na kuna hoja ya kihandisi. Tone moja la maji likitoka ziwani unalipitisha kwenye mtambo Jinja, unalipitisha tena Bujagali, tena Isimba, tena Karuma. Mabwawa matano, tone ni lilelile. Nalubaale 180, Kiira 200, Bujagali 250, Isimba 183, Karuma 600. Hizo ni megawati 1413 bila kuongeza hata ndoo moja kutoka ziwani.

#4 Mkaguzi

Marekebisho kabla uongo haujaota mizizi.

Kwanza kwa mleta mada: si "Wachina haohao". Bujagali ilijengwa na Salini ya Italia, na mradi ulikuwa wa watu binafsi wakiwemo mfuko wa Aga Khan na kampuni ya Marekani ya Sithe Global, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wengine. Kampuni ya kwanza iliyoshika mradi, AES, ilijitoa 2003. Waliojenga Isimba ni China International Water & Electric, kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Karuma ni Sinohydro.

Pili kwa FundiStima: tone halipiti mara tano, linapita mara nne. Nalubaale na Kiira ziko bega kwa bega, zinagawana maji yaleyale. Na hapa ndipo giza lako la 2005 lilipotoka. Bwawa la Owen Falls, ndilo Nalubaale la leo, lilipofunguliwa 1954 kulikuwa na makubaliano kwamba maji yatakayotolewa yafuate kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe, bila ukuta. Kiira ilipoanza 2000 hamu ya umeme ikazidi, yakatolewa zaidi ya makubaliano, huku mvua nazo zimepungua. Ziwa likashuka zaidi ya mita moja kufikia 2006. Kwa hiyo ile shida ilikuwa ya mvua na ya tamaa pamoja.

#5 FundiStima

Mkaguzi nakubali hilo la mara nne, asante. Lakini hilo la tamaa linanipa nguvu mimi. Kama maji ya ziwa hayatoshi kuendesha mitambo ya Jinja yote, basi jambo la busara ni kuyatumia tena chini. Huongezi maji, unaongeza ngazi.

#6 NahodhaPate

Mimi mtu wa bahari, mto nauogopa. Naomba mleta mada anieleze: wimbi la mto linakaaje mahali pamoja? Kwetu wimbi linatembea.

#7 KasiaLaBudondo

Nahodha, swali zuri. Kwenu wimbi linasafiri na maji yanabaki. Kwetu maji yanasafiri na wimbi linabaki. Chini kuna kizingiti cha mwamba. Maji yanakipanda, yanateremka kwa kasi, yanagonga maji mazito ya mbele na kunyanyuka. Kizingiti hakisogei, basi na wimbi halisogei. Unaweka kayaki usoni mwake na kukaa hapo, mto mzima unapita chini yako, unageuka, unaruka juu unazunguka hewani. Nile Special ilikuwa inakuhifadhi mpaka mikono ikachoka.

Bwawa haliharibu kizingiti. Mwamba bado upo. Linachofanya ni kuyanyanyua maji ya chini hadi yalingane na ya juu. Mteremko ukiisha, wimbi limeisha. Ndiyo maana hata ukuta usio mrefu sana kama wa Isimba unaua mto kwa kilomita nyingi nyuma yake.

Na pembeni, nyuma ya mawe, maji yanarudi juu taratibu, ndipo tunapopumzikia. Sisi tunayaita maji mafu.

#8 NahodhaPate

Hapo nakukatalia mjomba! Maji mafu ni ya kwetu na yana maana yake: ni siku zile maji hayajai sana wala hayapwi sana, kinyume cha bamvua. Tafuteni neno lenu, Naili yote hiyo mnashindwa neno moja?

#9 MwanaRufiji

Nahodha anatetea maneno kama wengine wanavyotetea mito, heshima kwake.

Mimi naongezea ya kwetu Tanzania. Bwawa la umeme la Kihansi, megawati 180. Mwaka 1996, mipango ya umeme ikiwa imeshakwenda mbali, ndipo wakagundua chura mdogo wa njano anayeishi kwenye manyunyu ya poromoko, eneo la hekta chache tu, hakuna kwingine duniani. Chura yule anazaa watoto kamili, hapitii kiluwiluwi majini. Bwawa likachukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakata. Wakaweka mabomba ya kunyunyizia. Kwanza chura wakaonekana kurudi, halafu 2003 wakaanguka ghafla. Wengine wakasema ni ukosefu wa maji, wengine ugonjwa wa ukungu wa ngozi, wengine wakasema sumu za mashambani zilizokuja na tope bwawa lilipofunguliwa. Mpaka leo ukikusanya watu watatu wa Kihansi utapata majibu matatu. Kilichookoa ni kwamba karibu chura 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000, wakalelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na 2012 wakaanza kurudishwa.

Swali langu kwa Kasia: chura tulimpeleka Bronx. Wimbi mtalipeleka wapi?

#10 MamaSamaki

Wanangu hamjambo. Mimi nauza samaki upande wa Kayunga tangu binti yangu wa kwanza hajazaliwa, naye sasa ana watoto.

Mnasema umeme na kayaki tu, mto ulikuwa na samaki wake. Kisinja anapenda maji ya kasi. Marehemu mume wangu alikuwa anamvua kwa ndoano karibu na mawe, nyama yake ngumu tamu, ukimchoma harufu inaita jirani. Isimba ilipojaa tuliambiwa samaki wataongezeka. Kweli, ngege na samaki wa maji yaliyolala wanapatikana. Kisinja simuoni. Wateja wazee bado wanamuulizia.

Sisemi bwawa ni baya lote. Nasema waliotuahidi samaki hawakusema ni samaki gani.

#11 KijanaWaSagana

Shikamoo mama. Hilo ni sawa na ningu upande wetu wa ziwa. Wazee wanasema alikuwa anapanda mito kwa makundi wakati wa mvua, sasa kumpata ni bahati. Ila huku wanalaumu nyavu pia, si mabwawa pekee.

Mimi niko Sagana, naongoza rafti kwenye Tana. Sisi tuko juu ya mabwawa, ndiyo bahati yetu. Chini yetu kuna Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, ngazi kwa ngazi, na Grand Falls linazungumzwa miaka nenda miaka rudi. Shida yetu ni kinyume cha ya Kasia. Maji yetu yanategemea mvua za Mlima Kenya na Aberdare. Kiangazi kikikaza unakwaruza mawe. Nilienda Jinja mara moja, nikalia ndani ya kofia ngumu kwa ule wingi wa maji. Sikujua mto unaweza kukubeba hivyo bila kukuumiza.

#12 Muuguzi_K

Habari za jioni wote. Dokezo la afya. Maji yakisimama na majani yakaota pembeni, konokono wa kichocho wanapata makazi. Kwenye maji ya kasi hawashiki. Mnaoingia mtoni pale, juu ya bwawa au chini yake, mkamuone mhudumu wa afya mpate dawa ya kichocho baada ya wiki chache, msingoje kuona damu kwenye mkojo au choo.

#13 Mzee_wa_Zamani

Muuguzi umesema kweli lakini hujamaliza. Maporomoko nayo yalikuwa na ugonjwa wake. Inzi wadogo wa usubi wanazaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, na kando ya Naili watu walikuwa wanapofuka. Nimesimuliwa na baba yangu aliyefanya kazi Jinja wakati wa ujenzi wa Owen Falls. Bwawa ndilo lililotuondolea.

#14 Mkaguzi

Mzee wangu, shikamoo. Kwa usubi wa pale, sifa kubwa inaiendea DDT, dawa ya kuua wadudu, iliyomwagwa mtoni kuanzia miaka ya 1950, si ukuta. Maporomoko ya chini, Bujagali, Itanda na mengine, yalibaki wazi miaka mingi baada ya hapo na inzi hawakurudi.

#15 Mzee_wa_Zamani

Marahaba. Basi ni DDT na ukuta pamoja, maporomoko ya Ripon yalizama na inzi wa Ripon wakazama nayo. Baba yangu hakuwa mwongo.

#16 LuambaWaGoma

Jambo bandugu. Naandika kutoka Goma. Kwetu Kongo kuna Inga, baraji (mabwawa) mbili, ya 1972 na ya 1982, na kila rais anakuja na Inga kubwa zaidi. Na bado watu wengi wa Kongo wanapika kwa makala usiku. Kwa hiyo huyu Fundi anaposema giza linaondoka ukijenga baraji, mimi nauliza: linaondoka kwa nani? Waya za Inga zinapita juu ya vijiji kwenda Katanga kwenye migodi. Wanaoishi chini ya waya wanaziangalia tu.

Kwa kayaki: 2011 kikundi cha Steve Fisher kilishuka maji ya Inga, watu wanne. Wafaransa waliojaribu kwa rafti 1985 walifia pale. Mto ule ni mkubwa kuliko akili.

#17 FundiStima

Luamba hapo umegusa penyewe. Kuzalisha ni kitu kimoja, kufikisha ni kingine. Uganda megawati zipo kiasi cha elfu mbili zikijumlishwa zote, lakini Karuma ilipozinduliwa Septemba 2024 matumizi ya saa za kilele yalikuwa nusu tu ya hapo. Nyaya, transfoma na bei ndivyo vilivyokwama. Kwa hiyo Kasia akisema umeme unabaki ana haki. Unabaki kwa kuwa haujafika, si kwa kuwa hauhitajiki.

#18 KasiaLaBudondo

Fundi, nyumba ya mama yangu iko kilomita chache kutoka ukuta wa Bujagali. Umeme aliwekewa miaka mingi baada ya bwawa, na chakula bado anapikia kuni kwa sababu ya bei. Sina ugomvi na umeme. Nilitaka tu uanzie kwake, maana mto ulioondoka ulikuwa mlangoni kwake.

#19 Msomaji_wa_Sheria

Nimesoma uzi wote, naona hakuna aliyegusa karatasi yenyewe, nayo ndiyo jibu la swali la pili la mleta mada.

Benki ya Dunia ilipokubali Bujagali, Julai 2007 Uganda ilitia saini kwamba eneo la maporomoko ya Kalagala litatengwa kwa ajili ya mazingira na thamani yake ya kiroho, na kwamba halitajengwa umeme. Yaani tunazamisha poromoko hili, tunalinda lile. Ndani ya ulinzi huo kuna Itanda, kingo za mto, na msitu wa Mabira.

Halafu ikaja Isimba, chini ya eneo lile. Ukuta haukujengwa Kalagala, lakini maji yake yanarudi nyuma kuelekea huko. Ndiyo maana kimo cha bwawa kilibishaniwa sana. Kimo cha juu kingezamisha Kalagala yenyewe. Kilichochaguliwa kiliacha Kalagala na Itanda, kikazamisha maporomoko ya chini yake.

Kwa maoni yangu kosa liko kwenye uandishi. Walilinda jina la mahali, hawakulinda mtiririko. Mto ni kitu kirefu. Ukilinda mita mia tano katikati ukaacha juu na chini, umelinda picha.

#20 Mtazamaji77

Mabira si ndiyo ile ya miwa? Iliingiaje kwenye mambo ya bwawa?

#21 Msomaji_wa_Sheria

Ndiyo hiyohiyo. Mpango wa kukata hekta kama 7,100 wapande miwa ulizua maandamano Kampala Aprili 2007, watu wakafa. Miezi mitatu baadaye msitu uleule ukawa ndani ya makubaliano ya bwawa. Mto na msitu vimeshikana mikono kwenye karatasi moja.

#22 MwanaRufiji

Hiyo ya "kulinda picha" nimeiweka moyoni. Hata kwetu hifadhi ya Selous ilikuwa urithi wa dunia, na katikati yake tukajenga Bwawa la Nyerere, megawati 2115. Mimi sijui niseme nini kuhusu bwawa lile. Umeme tunao sasa, mgao wa 2023 siusahau, mke wangu anauza juisi na friji ndilo duka lake. Lakini Aprili 2024 shamba la baba Rufiji lilikuwa chini ya maji. Huku wanasema bwawa lilifungulia, kule wanasema bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi, wengine wanasema ni El Nino tu. Baba yeye anasema mto ulikuwa unakuja kwa ratiba aliyoijua, sasa haijui.

#23 BintiWaMunich

Niko Ujerumani, nafuatilia mambo haya kwa sababu nimejifunza kayaki huku, kwenye mto baridi wa kutetemesha meno. Naleta mfano wa kutia moyo. Albania kuna mto Vjosa. Kulikuwa na mipango ya mabwawa ya Kalivaç na Poçem. Wanakijiji, wanasayansi na waendesha kayaki wakapigana miaka, wakaenda mpaka mahakamani. Machi 2023 mto ukatangazwa hifadhi ya taifa, mto mzima na vijito vyake vikuu. Msomaji wa Sheria ameniguza hapo: wenzetu walidai mtiririko, hawakudai poromoko moja.

#24 FundiStima

Dada, Albania karibu umeme wake wote tayari unatoka kwenye maji ya mito mingine. Wana wa kutosha kuacha mmoja. Tusifananishe shibe na njaa.

#25 BintiWaMunich

Kaka, na Uganda mmesema wenyewe hapa juu kwamba ina mara mbili ya inachotumia. Njaa iko wapi tena? Kama kikwazo ni nyaya, bwawa jingine halileti nyaya.

#26 KijanaWaSagana

Fundi, hapo umebanwa. Jibu au utuletee soda Sagana.

#27 FundiStima

Soda nitaleta. Jibu ni kwamba bwawa linachukua miaka kumi kutoka karatasi hadi taa. Ukisubiri njaa irudi umechelewa. Ila nakubali, kwa leo, Itanda isiguswe. Watandaze nyaya kwanza.

#28 Muuguzi_K

Mimi ningependa kujua hivi: kayaki ikipinduka ukiwa umefungwa ndani, unapumuaje? Mwanangu ana miaka 14, anataka kujifunza, mimi silali.

#29 KasiaLaBudondo

Dada, hupumui. Unatulia. Kile kitambaa kinachoziba kiunoni maji yasiingie kina mshipi mbele. Ukiuvuta unatoka, hilo ndilo somo la kwanza kabisa, tunalifanya kwenye maji yaliyolala mimi nimesimama pembeni. Somo la pili ni kujigeuza: kichwa chini, unapeleka kasia juu ya maji, unapindua nyonga, kichwa kinatoka mwisho. Wote wanaanza kwa kunyanyua kichwa, ndiyo maana wanashindwa. Mtoto wa miaka 14 anajifunza haraka kuliko mtu mzima kwa sababu haogopi kuaibika. Koti la kuelea na kofia ngumu havivuliwi, hata kwa picha.

#30 Mzee_wa_Zamani

Mnazungumza sheria na nyaya. Mizimu mmeiacha. Bujagali palikuwa na mwenyewe, Budhagaali, na kulikuwa na mzee aliyeubeba mzimu huo. Mzee huyo alikataa kabisa mzimu uhamishwe. Wakamtafuta mganga mwingine akafanya tambiko la kuuhamisha. Tangu lini mtu akahamishwa na mgeni? Mimi Mkristo, lakini nasema: lile jambo halikumalizwa, na ndiyo maana mto ule hautulii. Isimba ilipozima Agosti 2022 kwa kuingiwa na maji kwenye nyumba ya mitambo, watu wa kwetu hawakushangaa.

#31 FundiStima

Mzee wangu, maji kuingia nyumba ya mitambo ni jambo la vali na uangalizi.

#32 Mzee_wa_Zamani

Na nani alimfanya mwangalizi asinzie?

#33 MamaSamaki

Muacheni mzee. Kalagala watu bado wanaleta mayai na kuku, nawaona nikipita. Mahali panapoombewa si rahisi kuzamishwa. Labda ndiyo maana Kalagala imebaki na yale mengine yameenda.

#34 Msomaji_wa_Sheria

Mama, kwa kweli makubaliano ya 2007 yametaja thamani ya kiroho waziwazi. Kwa hiyo kisheria wewe na mzee mna hoja kuliko mnavyodhani.

#35 Mkaguzi

Msijisahau na maporomoko ya Murchison. 2019 kampuni ya Afrika Kusini, Bonang, iliomba kujenga bwawa ndani ya hifadhi, pale Uhuru jirani na maporomoko makuu. Watu wakapiga kelele, serikali ikasema hapana. Kabla mwaka haujaisha ikaruhusu utafiti ufanyike. "Hapana" ya serikali kwenye Naili ina maisha mafupi.

#36 KasiaLaBudondo

Asanteni sana wote, nimejifunza zaidi ya nilivyotegemea. Nina jambo sijalisema, naona haya lakini nalisema.

Wakati wa mikutano ya Isimba tulikuja kijijini na wenzangu wa rafti kuomba watu watie saini kupinga kimo cha juu. Mama mmoja alituuliza: nyinyi watalii wenu wanalipa dola ngapi? Tukamwambia. Akauliza: na kijiji kinapata ngapi? Tulinyamaza. Wapo waliokuwa na kazi, wapishi, wabebaji, vijana wa kayaki kama mimi, kuna shule zilizosaidiwa. Lakini yeye, mwenye shamba la mananasi juu ya ukingo, hakupata kitu, na bwawa lilimwahidi pesa ya ardhi. Hakutia saini. Nilikasirika siku ile. Leo najiuliza tungekuwa na majirani wangapi kama tungeanza kugawana miaka ile ya neema.

#37 Muuguzi_K

Umesema kiume kaka.

#38 MamaSamaki

Mwanangu Kasia, huenda mama yule namjua, na kama si yeye ni mwenzake. Nikueleze kilichokuwa vichwani mwetu. Walipokuja watu wa makubaliano ya Kalagala, mkalimani alisema Kalagala ni *fidia* ya Bujagali. Sisi tukasikia fidia. Fidia ni pesa. Tukangoja. Watu walihesabu miti, wakahesabu makaburi, wakakaa barazani wakingoja kuitwa majina. Miaka ikapita, hakuna aliyeitwa. Kwa hiyo jina la Kalagala likitajwa kwenye mkutano, wengine walikuwa wanaondoka kwa hasira, wanadhani kuna mtu alikula hela zao.

Ni leo nasoma hapa ndiyo naelewa kwamba fidia ilikuwa ni poromoko lenyewe. Kwamba tulilipwa kwa kuachiwa kitu kilichokuwa chetu.

#39 Msomaji_wa_Sheria

Mama, sikuwahi kufikiria hilo, na nimefanya kazi na karatasi zile.

Naanza kesho kuandika vifungu vinavyohusu Kalagala na Itanda kwa Kiswahili cha kawaida, ukurasa mmoja au miwili. Kuna anayeweza kunigeuzia kwa Luganda na Lusoga? Na kabla hata sijaanza nahitaji neno. "Fidia" hatuwezi tena. "Badala" naona ni dhaifu.

#40 NahodhaPate

Amana. Kitu ulichokabidhiwa ukitunze, wala huna ruhusa ya kukitumia.

#41 KasiaLaBudondo

Nahodha, nimekusamehe maji mafu. Lusoga nitafanya mimi, Luganda kuna dada yangu mwalimu Kangulumira. Jumamosi niko Itanda asubuhi na wanafunzi watatu. Muuguzi, mlete kijana, aje na viatu vya kufunga.